Tanga kuu lina mikunjo mlingotini na usukani ni mzito kusi ikivuma: nikaze henza (kamba ya kupandishia tanga) zaidi au kuna njia nyingine?

#1 MtuWaTudor

Salaam wadau. Natafuta mtu anayejua matanga ya hivi vyombo vidogo vya faiba.

Nina chombo cha futi 14, mlingoti wa alumini wenye mfereji nyuma yake ambamo dasi, kamba iliyoshonwa ukingoni mwa tanga, huteleza kupanda. Bumu, ule mti wa chini wa tanga, limeshikwa mlingotini na kiungo kisichopanda wala kushuka. Kuna tanga kuu na tanga dogo la mbele. Nilikinunua kwa jamaa aliyekuwa anahama Nyali, kilikuwa kimekaa chini ya mwembe muda mrefu sana.

Nasafiria hapa Tudor, Mombasa, wikendi napita chini ya daraja la Nyali mpaka usawa wa English Point na kurudi. Asubuhi upepo ukiwa mwanana chombo kinakwenda raha mustarehe. Shida ni mchana, kusi ikichachamaa. Tanga linafanya mikunjo ya kulala inayoanzia mlingotini kuelekea katikati, tumbo la tanga linarudi nyuma, chombo kinalala ubavu, na omo, yaani mbele ya chombo, inalazimisha kugeukia upepo mpaka mkono wa usukani unakufa ganzi. Nikibisha, yaani nikienda kwa mshazari dhidi ya upepo, ndio balaa zaidi.

Henza nimeikaza mpaka haivutiki tena. Pale gatini mikunjo inapotea, nikifika katikati ya maji imerudi yote. Halafu kwenye tanga kuna ringi ya shaba, kama shibiri moja juu ya kona ya chini ya mbele, haina kamba wala chochote. Ni ya nini?

#2 Chura_wa_Bandarini

Yakhe, hilo tanga limechoka. Tafuta jipya.

#3 Ngalawa_Mkongwe

Mimi nimekulia kwenye ngalawa na mashua ng'ambo ya Likoni. Tanga lafungwa kwa foromali, ule mti wa juu wa tanga, lapandishwa, watu wenda kuvua na warudi. Sijaona mtu akihesabu mikunjo. Upepo ukizidi, legeza demani, kamba ya kuvutia na kuachia tanga. Ukizidi tena, shusha, funga tanga dogo. Haya ya kukaza huku na kulegeza kule ni mambo ya watu wa klabu wasio na haraka ya kufika.

#4 Bint_Mtwapa

@MtuWaTudor hiyo ringi ni ya kaninghamu. Kamba inapita ndani yake, inavutwa chini, ukingo wa mbele wa tanga unanyooka. Mimi ni mtu wa Laser, kile chombo kidogo cha tanga cha mtu mmoja, na kwenye Laser hatuna henza kabisa, tanga lina mfuko unaovishwa mlingoti. Kamba hiyo ndiyo tunayotegemea kukaza ukingo wa mlingoti, kwa hiyo wewe una njia mbili na unatumia moja.

@Ngalawa_Mkongwe ami, na sisi tuna haraka ya kufika, tena sana 😂

#5 FundiMatanga

Nimeshona na kutia viraka matanga ya kila aina, ya mashua na haya ya faiba, kwa hiyo niruhusuni nirefushe kidogo.

Kwanza Mzee Ngalawa, shikamoo. Unalosema ni kweli kwa chombo chako. Tanga la foromali ukingo wake wa mbele umeshafungwa kwa kamba toka nchi kavu, na foromali yenyewe ndiyo inayoushikilia. Ukishatoka, ulivyofunga ndivyo utakavyokwenda, na upepo ukizidi dawa ni tanga dogo kama ulivyosema. Mwenzetu hana tanga la pili. Ana kitambaa hicho kimoja cha kutumia kwenye umande, ule upepo mwanana wa alfajiri, na kwenye kusi ya saa nane mchana, basi hana budi kukibadilisha umbo akiwa njiani.

Sasa kwa nini tumbo linarudi nyuma? Kitambaa cha poliesta kimefumwa kwa nyuzi zinazokatana. Ukikivuta kufuata uzi, hakisogei. Ukikivuta kwa mshazari, kinanyumbuka. Upepo ukiongezeka unakisukuma na kukinyumbua, na tumbo ambalo lilikuwa karibu na katikati linahama kwenda upande wa ukingo wa nyuma. Ukingo wa nyuma nao unajikunja na kuufungia upepo badala ya kuuachia upite. Hapo nguvu inakuwa ya kukusukuma ubavu kuliko kukupeleka mbele, na inafanya kazi nyuma mno, ndiyo maana omo inageukia upepo nawe unapigana na usukani. Ule uzito wa mkononi ni tanga, usukani wako hauna kosa.

Ukiuvuta ukingo wa mlingoti kwenda chini, unanyumbua kile kitambaa cha mshazari kilicho karibu nao, na tumbo linarudi mbele. Jaribu na leso: ikunjue, mmoja ashike pindo la upande juu, wewe livute chini kwa nguvu. Utaona mkunjo umesimama sambamba na pindo na kitambaa cha katikati kimesogea kulifuata. Tanga ni vivyo hivyo. Na tumbo likienda mbele, ukingo wa nyuma unafunguka, hasa kule juu, upepo wa ziada unatoka, chombo kinasimama.

Tumbo likae wapi? Kwa tanga kuu la chombo kama hiki, ukipima upana kutoka mlingotini kwenda nyuma, sehemu yenye kina kirefu iwe kati ya asilimia 40 na 50. Lala chali chini ya bumu, katikati yake, piga picha ya tanga kwa simu ukielekeza juu. Fundi akikubandikia mstari wa utepe mweusi wa kulala, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwenye nusu ya urefu, picha itakuonyesha wazi tumbo liko wapi. Bila mstari macho yanadanganya, hata yangu.

Kuhusu henza. Mlingoti wako ukiupangusa vizuri utakuta huenda una alama mbili nyeusi, moja juu moja chini. Kwenye mashindano tanga haliruhusiwi kuvuka hizo alama. Ukishafikisha kichwa cha tanga kwenye alama ya juu, na bumu lako halishuki, umemaliza, henza haina pa kwenda. Kaninghamu ilizaliwa kwenye shida hiyo. Aliyeipa jina ni Mmarekani Briggs Cunningham, yule aliyekuwa nahodha wa chombo cha Columbia kilipotetea kombe la mbio za matanga, America's Cup, mwaka 1958. Kona ya tanga inabaki pale pale ndani ya alama, wewe unavuta tundu lililo juu yake. Kitambaa kinajikusanya kidogo kati ya ringi na bumu, kinaonekana kibaya, hakidhuru chochote.

Lakini kabla ya kufunga kamba mpya, kuna neno lako limenishughulisha: mikunjo inapotea gatini na inarudi ukifika katikati. Henza yako ni kamba gani?

#6 MtuWaTudor

Shukran sana fundi. Henza ni kamba nyeupe, laini, nene kama kidole kidogo. Nilinunua mtaani, nikaambiwa ni ya boti.

#7 FundiMatanga

Kama ni laini na ukiivuta kwa mikono miwili inarefuka, basi ni nailoni. Hiyo ni kamba ya nanga, kunyumbuka ndiyo kazi yake. Kwenye henza ni adui. Upepo ukipiga, inarefuka, kichwa cha tanga kinashuka, ukingo unalegea wakati ule ule ulipotaka ukaze. Weka poliesta iliyosukwa kwa henza, au kama mfuko unaruhusu weka Dyneema, kamba ya sintetiki iliyo imara sana, ya milimita 4, hiyo hainyumbuki kwa kiasi cha kukusumbua.

Ukiwa unabadilisha, lalisha mlingoti utazame gurudumu la juu. Chumvi ikishika pale, wewe huku chini unahisi henza imekaza kumbe kichwa cha tanga hakijafika. Mfereji nao uoshe kwa maji baridi, usugue mshumaa ndani yake, dasi itateleza. Kisha pandisha tanga, hakikisha kichwa kimefika kwenye alama, na utie alama ya wino kwenye henza pale inapofungwa. Ukiwa majini utaiona kama imeteleza.

#8 Chura_wa_Bandarini

Sawa, nimerudi. Lakini si rahisi tu kukaza mpaka mikunjo yote iishe na kuacha hivyo siku nzima? Mimi ndivyo nifanyavyo na nafika.

#9 Bint_Mtwapa

@Chura_wa_Bandarini unafika, lakini saa ngapi? 😂

Upepo mwanana ukikaza mpaka kitambaa kiwe laini, tumbo linakwenda mbele mno, tanga linakuwa na pua ya duara na nyuma bapa. Unapoteza nguvu siku ambayo huna nguvu ya kupoteza, na huwezi kubisha karibu na upepo. Asubuhi mimi naiacha kaninghamu imelegea kabisa, mikunjo midogo ya kulala ipo kando ya mlingoti na siijali. Mikunjo hiyo ni tanga kukwambia ukingo umelegea, na wakati mwingine ndivyo unavyotaka. Upepo ukianza kunilazimisha kukaa ubavuni nainyoosha mikunjo tu, nusu nusu. Maji yakianza kuwa meupe huko mbele na mwili wote uko nje ya chombo, navuta mpaka tundu linakaribia kugusa bumu.

Ukiona mkunjo umesimama wima sambamba na mlingoti, umezidisha. Isipokuwa kama upepo ni mkali kiasi kwamba unataka kumwaga nguvu kwa makusudi. Kwenye Laser tunafanya hivyo sana kwa sababu mlingoti wetu unapinda: unakaza vengi, ile kamba inayozuia bumu kupanda, mlingoti unapinda, halafu unashusha kaninghamu na tanga lote juu linafunguka. Mimi si mzito, bila hiyo kamba kusi ya Julai ningekuwa naitazama kutoka ufuoni.

#10 FundiMatanga

Bint amesema vyema, niongeze hapo pa kupinda. @MtuWaTudor ukikaza vengi na demani kwa nguvu, hata mlingoti wako wa alumini utapinda kidogo katikati kwenda mbele. Hapo utaona mikunjo ya namna nyingine, ya mshazari, kutoka katikati ya mlingoti kushuka kwenye kona ya nyuma ya bumu. Usiikimbilie henza. Mlingoti umechukua kitambaa cha mbele, tanga limekuwa bapa na tumbo limerudi nyuma. Kaza kaninghamu kidogo kidogo, mikunjo itafifia na tumbo litarudi mahali pake. Vengi na kaninghamu zinakwenda pamoja. Ukilegeza moja, tazama nyingine.

Na hilo tanga lako ambalo Chura alishauri litupwe: tanga kuukuu ndilo linalohitaji kaninghamu zaidi, kwa sababu kitambaa kimeshanyumbuka na tumbo linapenda kukaa nyuma. Hufufui tanga lililokufa, ila unalipa misimu kadhaa zaidi. Wenye matanga yale ya tabaka zilizogandishwa, yasiyofumwa, hao wavute polepole, kitambaa chao hakinyumbuki na kuvuta kidogo kunatosha.

#11 Ngalawa_Mkongwe

Nimesoma yote. Haya, nakubali chombo chenu ni kingine. Nauliza hili sasa. Ndani ya Tudor maji ni bapa. Mtu akitoka kwenye mlango wa Kilindini bamvua, maji makuu, inatoka na kusi inaingia, pale bahari yasimama, mawimbi mafupi mafupi, chombo chapigwa kichwa kila mara. Upepo ni ule ule, maji si yale yale. Utavuta sawa?

#12 FundiMatanga

Mzee, hilo ni swali la baharia.

La, haivutwi sawa. Kwenye maji bapa unataka tanga lenye pua nyembamba, lipenye, ubishe karibu na upepo. Tumbo likae nyuma kidogo, basi kaninghamu huivuti sana hata kama upepo ni wa kutosha. Lakini msukani lazima awe makini, maana tanga la namna hiyo halisamehi: ukigeuka kidogo tu limekufa au limekwama.

Pale mlangoni maji yakipambana na upepo, huwezi kushika mstari. Kila wimbi linakupotosha omo. Hapo unavuta zaidi, tumbo liende mbele, pua ya tanga iwe ya duara. Utakwenda mbali kidogo na upepo, ila ukiyumbishwa tanga linaendelea kuvuta na chombo hakisimami. Mtu wa Mtwapa akivuka nje ya mwamba atalikuta jambo hilo hilo. Kwa hiyo usivute kwa kutazama upepo peke yake. Tazama na maji, na saa ya maji.

#13 Chura_wa_Bandarini

Kumbe. Mimi nilidhani ni urembo.

#14 MtuWaTudor

Mrejesho wadau. Henza ya nailoni nimeitoa, nimeweka poliesta. Gurudumu la juu lilikuwa limekwama kweli, lina ukoko mweupe wa chumvi, nimeliosha linazunguka. Alama nyeusi zipo, zilikuwa chini ya uchafu, na kichwa cha tanga kilikuwa chini ya alama kwa karibu upana wa kiganja.

Kaninghamu nimeanza na kamba moja tu: imefungwa kwenye kiungo cha bumu, imepita kwenye ringi, imerudi chini, naivuta kwa mkono. Nimetoka nayo mchana, usawa wa English Point upepo ulikuwa umeshika hasa. Tofauti ipo wazi. Nikivuta, usukani unalegea mkononi papo hapo, na chombo kinainuka bila mimi kugusa demani. Ila kamba moja ni nzito, upepo ukishajaa siwezi kuivuta mpaka niingize omo upeponi kwanza tanga lipepee. Na nilipogeuka kurudi, upepo ukiwa nyuma, nilihisi chombo kimekuwa kizito. Ni mimi au?

#15 Bint_Mtwapa

Si wewe, ni kaninghamu uliyoisahau imekaza. Ukigeuka kwenda na upepo, ilegeze yote. Huko unataka tumbo kubwa, mikunjo na iwepo. Utaratibu wangu: kabla ya kugeuka nalegeza kaninghamu, halafu vengi kidogo, ndipo naachia demani. Kabla ya kuanza kubisha tena nazikaza, maana ukishaanza kubisha mikono imejaa.

Na ukifika gatini ilegeze pia. Kuna watu wanaacha tanga limekazwa juani wakienda kunywa madafu.

#16 FundiMatanga

Ya uzito wa kamba, ongeza kapi, vile vigurudumu vya kupitishia kamba. Kamba ya kwanza iwe fupi: mwisho mmoja ufungwe kwenye kiungo cha bumu, ipite kwenye ringi, ishuke upande wa pili wa mlingoti, na mwisho wake ufungwe kapi ndogo inayoning'inia. Kamba ya pili ifungwe shinani mwa mlingoti, ipande ipite kwenye ile kapi inayoning'inia, ishuke kwenye kapi nyingine ya shinani, ndipo ije kwenye kibano cha meno karibu na ulipokaa. Kila kamba inakupa nguvu mara 2, zote pamoja mara 4, ukitoa inayopotea kwenye msuguano. Gharama yake ni urefu: ringi ishuke sentimita 5, wewe uvute sentimita 20. Kwa hiyo acha nafasi ya kutosha kati ya kapi mbili zisije zikagusana kabla hujamaliza kuvuta. Hilo ndilo linalowakuta wengi.

Kamba ya kwanza iwe Dyneema milimita 4, kwa kuwa inasugua kwenye shaba. Ya pili iwe poliesta ya milimita 5 au 6. Nyembamba zaidi ya hapo itakukata vidole ikiwa imelowa.

#17 Ngalawa_Mkongwe

Na ijaribiwe kama yaachia yenyewe. Kamba ya kukaza isiyolegea upesi ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

#18 FundiMatanga

Kweli kabisa mzee. Ukiifungua kwenye kibano, ringi ipande yenyewe bila kusukumwa. Isipopanda, mfereji bado mchafu au kapi zimesokotana.

#19 MtuWaTudor

Nimeelewa. La mwisho fundi: ringi yenyewe imeanza kuwa ya kijani na kitambaa kuizunguka kimepasuka nyuzi kidogo. Itahimili mara 4?

#20 FundiMatanga

Haitahimili. Kijani si neno, hiyo ni kutu ya shaba, isugue kwa ndimu. Neno ni kitambaa. Usifunge kapi mpaka kiwekwe kiraka pande zote mbili, na juu ya kiraka kipite kipande cha mkanda imara kinachoingia kwenye ringi na kushonwa kurudi juu, kikifuata ukingo wa mlingoti, ili mzigo uende kwenye dasi usibaki kwenye tundu. Mkanda wa usalama wa gari unafaa kama haujaliwa na jua. Uzi uwe wa poliesta. Wa pamba ukilowa chumvi hautafika Ramadhani.